Viwanja Vinne vya Angus: Safari ya Siku Tatu katika Nchi ya Uskoti



Leo twapenda kuwachukua wasikilizaji wetu katika safari ya siku tatu, tangu Ijumaa jioni hata Jumapili mchana, katika nchi ya Uskoti, iliyo upande wa kaskazini wa Uingereza. Hatuendi kutazama ngome za wafalme wa zamani, wala milima na maziwa ambayo wageni wengi huyaendea. Twaenda kutazama viwanja vya mpira. Wala si vile vikubwa vinavyotajwa duniani kote, bali vile vidogo vya miji midogo, ambavyo siku ya mchezo mara nyingi hupata watazamaji mia kadhaa tu.

Huenda mtu akauliza, "Kwa nini tusiende Glasgow, ulipo uwanja wa Celtic wenye viti zaidi ya 60,000, na ule wa Rangers wenye viti kiasi cha 50,000?" Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni hili. Habari za klabu hizo mbili zimekwisha kuenea. Tangu mwaka 1986 hata mwaka 2025, ubingwa wa Uskoti haukutoka mikononi mwao hata mwaka mmoja. Mtu aendaye huko huenda kutazama ushindi. Sisi leo twataka kujifunza jambo jingine, nalo ni hili: watu hufanya nini wakiisha kushindwa? Jambo hilo halionekani vema mjini mwa mabingwa. Huonekana katika miji midogo.

Yafaa kwanza tueleze jinsi mashindano yalivyopangwa. Ligi ya Uskoti ina klabu 42. Daraja la kwanza lina klabu 12, na madaraja matatu yaliyo chini yake yana klabu 10 kila moja. Wachezaji wa daraja la juu kazi yao ni mpira tu. Lakini katika madaraja ya chini walio wengi wana kazi nyingine mchana: huyu ni mwalimu, huyu fundi wa umeme, huyu seremala. Jioni hukutana kufanya mazoezi, na Jumamosi hucheza.

Zamani klabu iliyokuwa ya mwisho kabisa katika daraja la nne haikushushwa kwa ajili ya mwaka mmoja mbaya. Mwaka uliofuata ilikuwako pale pale. Lakini mwaka 2015 mlango ulifunguliwa upande wa chini. Tangu hapo klabu ya mwisho imelazimika kupambana na klabu bora iliyotoka katika ligi ndogo za nchi, michezo miwili, mmoja nyumbani na mmoja ugenini. Ikishinda, husalia. Ikishindwa, hutoka, na yule mgeni huketi katika kiti chake. Twawaomba wasikilizaji waukumbuke mlango huo, kwa maana tutaukuta tena njiani.

Haya, na tushike safari. Twaanzia katika mji wa Dundee, ulio pwani ya mashariki. Kaskazini yake ni nchi ya Angus, nchi ya mashamba mazuri kati ya milima na bahari. Ndani yake imo miji minne, Arbroath, Montrose, Brechin na Forfar, na kila mmoja una klabu yake ya mpira na uwanja wake. Mtu akitoka Dundee akaizunguka yote minne na kurudi, atakuwa amekwenda kiasi cha maili 65 au 70. Tena watu wa miji hiyo yote minne pamoja ni karibu sawa na idadi ya viti vya ule uwanja mmoja wa Celtic tuliokwisha kuutaja.

Ijumaa jioni twapanda gari la moshi, nalo lapita kando ya bahari, na kabla ya nusu saa twafika Arbroath. Huu ni mji wa wavuvi wenye watu kama 23,000. Sifa yake moja ni samaki wake, ambao hufungwa wawili wawili kwa mikia, wakatundikwa juu ya moshi wa kuni ngumu mpaka wakaiva na kugeuka rangi ya shaba. Sifa yake ya pili ni uwanja wa Gayfield.

Uwanja huu uko ukingoni mwa Bahari ya Kaskazini, hata kati ya ukuta wake na mawe ya pwani ni hatua chache tu. Wenzetu wa pwani ya Afrika Mashariki waijua kusi inapovuma kwa nguvu. Lakini kusi, pamoja na ukali wake, ni upepo wa joto. Upepo wa Arbroath hutoka katika maji ya baridi, nao hupenya nguo mpaka mifupa. Siku ya tufani mawimbi hupiga ukuta, na matone ya maji ya chumvi huwaangukia watazamaji na wachezaji pia. Golikipa aupigapo mpira juu kwa nguvu zake zote, mara nyingine upepo huurudisha karibu na pale ulipotoka. Kwa hiyo wenyeji wameona ni heri kuuchezea mpira chini. Watu wa klabu hii huitwa kwa jina la taa nyekundu, kwa ajili ya taa iliyokuwa ikiwaongoza wavuvi kuingia bandarini usiku.

Jina la Arbroath limeandikwa katika vitabu kwa jambo moja la ajabu. Tarehe 12 Septemba 1885, katika mashindano ya Kombe la Uskoti, Arbroath ilicheza na timu ya Bon Accord, iliyotoka Aberdeen, ikaifunga mabao 36 kwa bila. Mchezaji mmoja, John Petrie, peke yake alifunga mabao 13. Siku hizo nyavu za goli zilikuwa hazijatumika, kwa hiyo kila bao lilipoingia mpira ulikwenda zake, na watu wakaukimbilia kuurudisha. Na ajabu zaidi ni kwamba siku ile ile, katika mji wa Dundee, timu ya Dundee Harp iliifunga Aberdeen Rovers mabao 35 kwa bila.

Watu wengi wasimuliapo habari hiyo humsifu Petrie. Sisi twawaona pia wale watu wa Bon Accord. Bao la 10 lilipoingia hawakuondoka. La 20 lilipoingia hawakuondoka. Walikaa uwanjani mpaka filimbi ya mwisho. Ushindi wa siku ile uliwahitaji watu wawili: mwenye kushinda, na mwenye kukubali kushindwa bila kukimbia.

Arbroath nayo imeyaonja machungu hayo. Mwaka 2022, ikiwa na wachezaji wenye kazi zao za mchana, ilikaribia kuingia daraja la kwanza, jambo ambalo watu wengi hawakulidhania. Tarehe 22 Aprili ilikwenda Kilmarnock kushindania ubingwa wa daraja la pili. Ikatangulia kufunga, na matumaini yakapanda; lakini mchezo ulipokaribia kwisha ikafungwa mabao 2 kwa 1. Ikapewa nafasi nyingine, ikatolewa na Inverness kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 2024 ikashuka mpaka daraja la tatu. Basi, je, mji ulifunga milango? La. Mwaka 2025 Arbroath ilitwaa ubingwa wa daraja hilo, ikapanda tena.

Jumamosi asubuhi gari la moshi latupeleka Montrose, mji wa watu kama 12,000, uliojengwa baina ya bahari na hori kubwa ambalo maji yake hukupwa na kujaa. Zamani wafanyaji biashara wa mji huu walijenga nyumba zao zikielekeza ubavu njiani badala ya uso, na kwa ajili hiyo hata leo watu wa Montrose, na klabu yao pia, huitwa kwa jina la kuta hizo. Uwanja wao ni Links Park, nao wameucheza tangu mwaka 1887. Majani yake si majani ya kuota, bali ni zulia lililotengenezwa kiwandani. Mwenye kupenda mambo ya kale aweza kununa, lakini zulia hilo lina faida yake: uwanja wa majani huchoka upesi kwa mvua na theluji, na hii huwezesha watoto wa mji kucheza siku za juma bila kuuharibu.

Hapa ndipo tunapoukuta ule mlango tuliousema. Mwaka 2015, mwaka ule ule ulipofunguliwa, Montrose ilikuwa ya mwisho katika daraja la nne. Ikalazimika kupambana na Brora Rangers, timu ya kijiji kidogo cha kaskazini. Mchezo wa kwanza Montrose ikafungwa bao 1 kwa bila. Ikiwa ingeshindwa, ingekuwa klabu ya kwanza kutolewa nje kwa njia hiyo, na jina lake lingekumbukwa kwa aibu hiyo. Watu wakaja Links Park kwa mchezo wa pili kama waendao kumtazama mgonjwa. Montrose ikashinda 3 kwa 1, ikasalia kwa tofauti ya bao moja tu. Na miaka mitatu baadaye, mwaka 2018, klabu hiyo hiyo ilikuwa bingwa wa daraja la nne. Wanafunzi wanaotusikiliza na wapime umbali uliopo baina ya nafasi ya mwisho na nafasi ya kwanza: hapa ulikuwa miaka mitatu.

Kutoka Montrose hadi Brechin ni maili 9. Gari la moshi la abiria halifiki huko tangu mwaka 1952, kwa hiyo twapanda basi. Brechin ina watu kama 7,000 tu, lakini kwa kuwa lina kanisa kuu la kale, lenye mnara wa mviringo uliojengwa yapata miaka 900 iliyopita, wenyeji huliita jiji, na klabu yao huitwa Brechin City. Uwanja wao ni Glebe Park, na uzuri wake ni kwamba upande mmoja hauna ukuta wala jukwaa, bali una ua wa miti iliyo hai, iliyokatwa sawasawa kama ukuta wa majani. Mpira ukiingia humo, mchezo hungoja.

Mchezo huanza saa tisa alasiri. Katika mwezi wa Desemba, nchi hiyo iko kaskazini hata jua hutua kiasi cha saa tisa na nusu, na sehemu kubwa ya mchezo huchezwa kwa taa. Lakini anayetaka kuijua klabu ndogo asije saa tisa. Na aje mapema. Atamkuta mzee mlangoni akipokea fedha za kiingilio. Atamkuta mwingine akiuza tikiti za bahati nasibu, ambayo nusu ya mapato yake humsaidia golikipa kupata glovu, au husaidia kulipa basi la kwenda ugenini. Atawakuta akina mama katika chumba kidogo wakichemsha chai, na wakimimina vikombe vya mchuzi wa nyama ya ng'ombe, ambao Waskoti huunywa uwanjani kupasha mikono moto kabla ya tumbo. Kukiwa na theluji, atawakuta watu wenye majembe tangu asubuhi. Walio wengi katika hao hawalipwi hata senti. Mchezo ukiisha, wao ndio wa mwisho kuondoka, kwa kuwa lazima mtu afagie.

Sasa sikilizeni yaliyoipata Brechin. Mwaka 2017 ilipanda daraja la pili, na mji mdogo ukashangilia. Katika daraja hilo ilicheza michezo 36. Ilishinda mingapi? Haikushinda hata mmoja. Ilitoka sare mara 4, ikafungwa mara 32. Tangu mwanzo wa msimu hata mwisho wake, kila Jumamosi watu walivaa mablanketi na makoti, wakalipa kiingilio, wakarudi nyumbani bila ushindi. Ikashuka daraja la tatu. Mwaka 2019 ikashuka tena, mpaka la nne. Mwaka 2021 ikawa ya mwisho huko nako, ikafikishwa kwenye ule mlango, ikakutana na Kelty Hearts, timu ya kijiji cha wachimba makaa wa zamani. Montrose ilikuwa imeponea hapo, Brechin haikuponea. Ikatolewa nje ya Ligi.

Akili ya hesabu ingesema, "Yamekwisha. Uzeni uwanja, ng'oeni ule ua wa miti, gawaneni mbao." Lakini Brechin ilijiandikisha katika ligi ya nyanda za juu za kaskazini, ambako safari moja, ile ya kwenda Wick, ni zaidi ya maili 200 kwenda tu. Ua ukaendelea kukatwa. Chai ikaendelea kuchemshwa. Mwaka 2023 Brechin ikawa bingwa wa ligi hiyo, ikashindania kurudi, ikashindwa na Spartans ya Edinburgh. Na Jumamosi za msimu uliofuata, mzee wa mlangoni alikuwako mlangoni.

Jumapili basi latupeleka Forfar, maili 13 upande wa kusini-magharibi. Uwanja wa Forfar Athletic huitwa Station Park, yaani uwanja wa stesheni, nao umetumika tangu mwaka 1888. Lakini mgeni akiuliza stesheni iko wapi, ataambiwa haiko. Gari la moshi la abiria liliacha kwenda Forfar mwaka 1967. Reli imekwisha kung'olewa, na klabu imesalia na jina lake. Si mara nyingi timu ya mpira huishi kuliko reli.

Mji huu una chakula chake, mkate wa unga uliokunjwa kama kwato ya farasi na kutiwa nyama ndani. Mwokaji hutoboa tundu moja juu yake akiwa hana kitunguu, na mawili akiwa nacho. Hivyo mnunuzi hujua kabla ya kuuma. Tena Forfar ina jambo linalotuhusu sisi tusemao kwa redio. Waingereza wana mzaha wa zamani juu ya msomaji wa matokeo anayelazimika kutangaza kwamba East Fife imepata nne na Forfar tano. Kwa Kiswahili hapana taabu. Lakini kwa Kiingereza hesabu hizo na majina hayo hutokea kwa sauti zile zile za f, hata ulimi hujikwaa. Watu wakaucheka mzaha huo miaka mingi kama jambo la kubuni. Mwezi wa Julai 2018 timu hizo mbili zilitoka sare, zikapigiana penalti, na hesabu ya penalti ikawa nne kwa tano. Twawahurumia watangazaji wenzetu wa siku ile.

Kabla ya kurudi Dundee, yatupasa kuutaja mji mmoja usio wa Angus, upate kuwa kioo cha haya tuliyoyaona. Mpakani kabisa mwa Uskoti na Uingereza uko mji wa Gretna, wenye watu kama 3,000. Klabu yake iliingia Ligi mwaka 2002, kisha ikapata tajiri mmoja aliyeimwagia fedha. Ikanunua wachezaji, ikapanda daraja mwaka 2005, ikapanda mwaka 2006, ikapanda mwaka 2007, mpaka ikafika daraja la kwanza. Mwaka 2006 ilicheza hata fainali ya Kombe la Uskoti, ikashindwa na Hearts kwa penalti tu. Uwanja wake mdogo haukufaa kwa daraja la kwanza, ikalazimika kucheza michezo yake ya nyumbani katika uwanja wa Motherwell, mbali na watu wake. Mara yule tajiri akaugua, fedha zikakoma, na mwaka 2008 klabu ikafa. Wapenzi wake wakaanza upya kutoka chini, kwa klabu ndogo iliyochukua mwaka ule kuwa sehemu ya jina lake.

Basi, tuwalinganishe hawa. Gretna ilishinda karibu kila kitu, ikafa. Brechin ilipoteza karibu kila kitu, nayo iliendelea kuishi. Sababu yake si siri. Nyumba ya Gretna ilisimama juu ya nguzo moja, nguzo nzuri na nene. Ilipoanguka nguzo, paa likaanguka. Nyumba ya Brechin ina vijiti vingi vyembamba: mkata ua, mpika chai, mwuza tikiti, mtoto anayekuja na babu yake. Kijiti kimoja kikioza, vingine hushika. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa; nasi twaona kwamba kidole kimoja hakishiki klabu pia, hata kikivikwa pete ya dhahabu.

Hatusemi kwamba fedha ni mbaya, wala kwamba kushindwa ni kuzuri. Hapana mtu katika Angus apendaye kufungwa. Nenda kawasikilize wakifungwa, utayasikia maneno yasiyofaa redioni. Twasema hivi: ushindi huwaleta watu wengi kwa siku moja, lakini klabu hukaa kwa ajili ya wale wachache wanaorudi Jumamosi inayofuata. Hao hawahesabiwi katika mabao, wala sura zao hazichapwi magazetini.

Wako wasikilizaji wetu wengi walio na uwanja wao kijijini, wenye goli za miti na mistari ya majivu, na timu iliyofungwa juma lililopita. Vijana wakikutana baada ya hapo, kwa kawaida huuliza, "Ni nani aliyetufungisha?" Watu wa Brechin walikuwa na michezo 32 ya kuulizana swali hilo katika mwaka mmoja. Sisi twadhani liko swali bora kuliko hilo, nalo ni, "Ni nani atakayeleta mpira Jumamosi?" Penye mtu wa kulijibu, klabu ipo.

Safari yetu imekwisha.